Juu ya Vituo katika Maandishi ya Kiingereza

Tunayo barua moja tuliyoiandika kwa mkono wetu wenyewe, nasi twaona haya kila tuisomapo. Tuliiandika kwa Kiingereza kwa ajili ya mama mmoja mjane wa kijijini kwetu. Mama huyu ana watoto watano. Watatu walikuwa wamekwisha maliza masomo, na kila mmoja ana kazi yake. Wawili, binti na mdogo wake wa kiume, walikuwa chuoni, hata karo ilipokosekana wakarudishwa nyumbani. Mama akasikia habari za chama kimoja cha ng'ambo kinachowasaidia watoto wa wajane, akaja kwetu jioni na karatasi ya kujazwa, akasema, “Mwalimu, hao watu hawasomi Kiswahili. Niandikie wewe.” Tukakubali kwa furaha, maana mtu aliyefundishwa Kiingereza hupenda kuombwa akitumie.

Karatasi ile tuliijaza vema: majina matano, umri, na kazi ya kila mmoja. Kisha tukaandika barua ya kufuatana nayo. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: “My children, who have no fees, are sitting at home.” Na mwisho tukaandika: “Please help us!!!” Alama tatu za mshangao, zimesimama kama askari langoni. Tulizipenda sana alama hizo. Ile mikato miwili ya katikati hatukuifikiri hata kidogo. Tuliitia mahali tulipopumua.

Baada ya majuma sita likaja jibu, na barua yetu imerudishwa pamoja nalo. Jibu lilisema kwamba karatasi yaonyesha watoto watatu wana kazi, bali barua yasema watoto wote hawana karo, na wote wako nyumbani. Maneno haya hayapatani, basi ombi litawekwa kando mpaka yaelezwe. Mama akatuuliza, “Mwalimu, wanasema mimi ni mwongo?” Tukamjibu, “Hapana, mama. Wanasema sisi hatujui kuandika.” Lakini siku ile hatukujua bado kosa liko wapi. Tulilitafuta katika maneno, wala halikuwamo katika maneno. Tulipolipata, muhula wa chuo ulikuwa umekwisha anza, na mlango umefungwa.

Kosa lilikuwa katika ile mikato. Kwa Kiingereza, “my children who have no fees”, pasipo mkato, maana yake ni wale watoto wangu wasio na karo, yaani si wote. Lakini “my children, who have no fees,” kwa mikato miwili, maana yake ni watoto wangu, nao hawana karo, yaani wote pia. Tazama jinsi lugha yetu inavyoifanya kazi hiyo. Sisi twasema “wale” tukitaka kuwachagua baadhi, twasema “nao” tukitaka kuongeza habari ya wote. Mwingereza hana maneno mawili hapa. Neno lake ni lile lile moja, who, na kazi ya “wale” na “nao” ameukabidhi mkato. Basi autiaye mkato huo pasipo mahali pake hakukosa adabu ya kuandika tu; amesema neno jingine. Ni kana kwamba tulimwandikia yule mama “nao” mahali pa “wale”, kisha tukamtia sahihi.

Tangu siku hiyo tumezipitia insha nyingi za wanafunzi, na barua za watu wazima tuletewazo tuzisahihishe, na vitabu kadha wa kadha vya Waingereza juu ya jambo hili, nasi tumeona neno moja lijirudialo. Sisi tunaoandika Kiingereza katika nchi hizi tu wakarimu mno kwa alama ifanyayo kazi ndogo kuliko zote, nayo ni ile ya mshangao. Na tu wazembe kwa alama ifanyayo kazi kubwa, nayo ni mkato. Tena wakarimu na wazembe hao wa kwanza ni sisi walimu, maana mwanafunzi huiga.

Tulipokuwa wadogo tulifundishwa kuhesabu. Ufikapo kwenye mkato, hesabu moja, kwenye nukta-mkato, hesabu mbili, kisha uendelee. Tulisimama darasani tukisoma kwa sauti, na wengine wakihesabu kwa vidole. Kanuni hiyo haikuzuliwa na mwalimu wetu. Robert Lowth, aliyekuwa baadaye Askofu wa London, aliiandika katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762: nukta ni kituo kirefu mara mbili ya nukta mbili, nukta mbili ni mara mbili ya nukta-mkato, na nukta-mkato ni mara mbili ya mkato. Wala yeye si wa kwanza. Yapata miaka 200 kabla ya Kristo, mtunza vitabu wa Iskandaria katika nchi ya Misri, Aristophanes wa Bizantio, alitia nukta ndogo, moja juu, moja katikati, moja chini, ili msomaji ajue apumzike kwa kadiri gani. Kwa hiyo alama hizi zilianza kama msaada wa pumzi, na zilianzia Afrika, jambo tupendalo kuwakumbusha wanafunzi wanaodhani kwamba kila kitu cha vitabuni kilitoka Ulaya.

Walakini kanuni ya pumzi ni ya zamani za kusoma kwa sauti. Watu walipozoea kusoma kimya, kila mmoja peke yake na karatasi yake, kazi ya alama iligeuka. Sasa hazimwonyeshi mtu mahali pa kupumua tu. Zamwonyesha neno gani lafuatana na neno gani. Karani wa ng'ambo aliyeisoma barua yetu hakuwa akipumua pamoja nasi. Hakutuona, hakusikia sauti yetu, hakumjua mama. Alikuwa na karatasi tu. Na Lowth mwenyewe, tumtendee haki, alikiri kwamba kanuni za vituo ni pungufu, na mengi yapasa kuachiwa akili ya mwandishi. Waliomfuata walikishika kile kipimo wakaliacha ungamo.

Msomaji wa Kanisani anaweza kuupima uzito wa mkato kwa mfano aujuao. Bwana Yesu alimwahidi yule mwivi aliyesulubiwa pamoja naye kwamba atakuwa naye peponi. Neno “leo” limo katika ahadi hiyo. Je, leo ndiyo siku ya kuingia peponi, au leo ndiyo siku ya kuambiwa? Maandiko ya Kiyunani ya kale hayakuwa na mikato kama yetu. Waliofasiri ndio walioutia, wengi wao wakauweka kabla ya “leo”, wengine baada yake, na kwa ajili ya alama hiyo ndogo watu wamebishana vitabu kwa vitabu. Hatuandiki haya ili kuamua mabishano hayo. Twataka msomaji aone tu kwamba neno halikubadilika hata herufi moja.

Sasa tuseme habari za kitabu kimoja, maana kimesifiwa sana, na walimu wengine wamekinunua kwa fedha zao. Mwaka 2003 mwandishi Mwingereza Lynne Truss alitoa kitabu kiitwacho Eats, Shoots & Leaves, kikauzwa mno Uingereza na Marekani. Jina lake ni mchezo wa mkato. Pasipo mkato, maneno hayo yamhusu mnyama panda, alaye machipukizi na majani. Ukiutia mkato baada ya neno la kwanza, mnyama yule ala, kisha apiga bunduki, kisha aenda zake. Kitabu kinachekesha, na mwenye Kiingereza cha kutosha atakisoma usiku mmoja. Truss ana macho makali: ameona apostrofi zilizotiwa ovyo juu ya milango ya maduka ya kwao, na matangazo ya sinema yasiyo nazo panapostahili. Tulifarijika kidogo kusoma kwamba wauza mboga wa Uingereza huandika vibao kwa makosa yale yale ya wenye maduka wa kwetu, wadhanio kwamba kila wingi wa Kiingereza wataka apostrofi kabla ya herufi yake ya mwisho.

Lakini lawama yetu juu ya kitabu hiki ni hii. Maneno yaliyo chini ya jina lake yatangaza kwamba kosa halitavumiliwa kabisa, na mwandishi ajifanya askari wa alama, tayari kumkamata kila mpitaji. Kwa mzaha, ndiyo. Bali mzaha huo wafundisha kwamba kosa la kituo ni jambo la kuchekwa na kuonewa haya, wala haupimi ni nani aliyeumizwa nalo. Apostrofi iliyozidi katika kibao cha mayai haikumnyima mtu yai lake. Mkato uliozidi katika barua ya mjane ulimnyima binti muhula wake. Truss awapiga wote wawili kwa fimbo moja.

Tena likampata jambo lililotufanya tutabasamu, kisha tukajihurumia. Mwanzoni mwa kitabu amekiweka kiwe ukumbusho wa wapanga-chapa wa Urusi waliogoma mwaka 1905, wakidai walipwe kwa alama za vituo kama walipwavyo kwa herufi. (Mgomo huo, kwa kweli, uliwaka katika Moscow, ingawa yeye ataja St Petersburg.) Ni ukumbusho mzuri, na kila aliyeingia katika chumba cha mitambo akaona mtu akiokota herufi za risasi moja moja atakubali kwamba mkato nao wataka kuokotwa. Basi mwaka 2004 Louis Menand, katika gazeti la New Yorker la Marekani, alionyesha kwamba kosa la kwanza la vituo katika kitabu kile limo katika ukumbusho huo huo: kabla ya neno who pametakiwa mkato, nao haupo. Wasomaji, ni neno lile lile lililotuangusha sisi! Yeye aliuacha mkato palipotakiwa, sisi tuliutia pasipotakiwa. Huyo ni Mwingereza, mwandishi wa vitabu, na katika ukurasa wa kwanza wa kitabu kisichovumilia kosa.

Hatumcheki. Twasema tu kwamba Menand naye, kwa ukali wake, hakutuambia hasara iko wapi. Msomaji wa ukumbusho ule haelewi vibaya. Hakuna mwenye mali, wala kesi, wala ombi, aliyepotewa na kitu. Mkosoaji mwema, kwa maoni yetu, huanza kwa kuuliza: msomaji amepotoshwa, au amekwaruzwa sikio tu? Walimu, tungeuliza hivyo kabla ya kuzungushia kosa wino mwekundu, vijana wetu wangeogopa machache na kujifunza mengi.

Na kama mtu adhani twauongeza uzito wa mkato kwa sababu ya uchungu wa barua moja, na asikie habari za madereva wa maziwa wa jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya jimbo lile yaagiza mtu afanyaye kazi zaidi ya saa 40 kwa juma alipwe mara moja na nusu kwa saa zilizozidi, ila wametengwa watu wa kazi fulani za vyakula: kutia mikebeni, kukausha, kugandisha, kuweka ghalani, na kadhalika. Mwishoni mwa orodha hiyo palikuwa na maneno yenye maana ya kufungasha kwa ajili ya kupeleka au kusambaza. Pasipo mkato kabla ya “au”. Madereva wa kampuni ya Oakhurst Dairy walikuwa wakisambaza, lakini hawakuwa wakifungasha. Kama “kusambaza” ni kazi yenyewe katika orodha, hawana haki. Kama ni sehemu ya “kufungasha kwa ajili ya”, wana haki. Kampuni ikasoma hivi, madereva wakasoma vile. Mwaka 2017 mahakama ya rufani ikaona kwamba sheria ina maana mbili, ikawapa madereva faida ya shaka hiyo, na mwaka 2018 mambo yakamalizwa kwa dola milioni 5. Nao wenye kutunga sheria wakaiandika upya orodha ile, safari hii wakitenga kila kazi kwa nukta-mkato. Mtu akituuliza nukta-mkato ina kazi gani, maana wanafunzi huiona kama mgeni asiyejulikana kwao, twamwonyesha sheria hiyo.

Basi na tuigeukie ile alama tuipendayo. Alama ya mshangao, Waingereza wa zamani waliiita alama ya kustaajabu, na jina hilo twaliona bora, kwa kuwa kustaajabu ni kwa moyo na kupiga kelele ni kwa koo. Mwanafunzi wetu huitumia kwa koo. Katika insha moja ya kurasa mbili, juu ya siku ya mavuno, tulizihesabu alama hizo 31. Jua lilichomoza! Tulikwenda shamba! Mama alipika wali! Tukamwita kijana, tukamwuliza, “Mwanangu, katika haya yote ni lipi lililokushangaza?” Akafikiri, akasema, “Nyoka, mwalimu.” Tukarudi kumtafuta nyoka. Alikuwa katika ukurasa wa pili, naye ana alama moja kama wali.

Kwa nini twafanya hivi? Twadhani sababu iko katika Kiswahili chetu wenyewe, wala si sababu ya kuonea haya. Lugha yetu imejaa maneno ya moyo. Twasema lo, kumbe, jamani, ole, masalale; twasema mtu ameanguka pu, jiwe limeingia majini chubwi, nguo ni nyeupe pepepe. Maneno hayo hubeba mshangao yenyewe. Andika “Kumbe amekuja” pasipo alama yo yote, na msomaji atajua mara moja kwamba ulidhani hatakuja. Mwanafunzi atakapo kuigeuza sentensi hiyo kuwa Kiingereza hapati neno la “kumbe”, basi aliacha, aandika “He has come!” akitumaini kwamba alama itambebea “kumbe” yake. Haiwezi. Msomaji Mwingereza asikia kuna kelele, asijue ni kelele ya nini: furaha, hofu, au hasira. Akitaka kusema “kumbe” na aandike “So he has come after all.” Hapo mshangao umo katika maneno, na mwisho wake ni nukta ya kawaida.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa “jamani” yetu katika barua ya mama. Kwa Kiswahili tungesema, “Jamani, tusaidieni,” na neno hilo moja lingemfanya msomaji kuwa ndugu. Tulipolikosa kwa Kiingereza tukaweka alama tatu mahali pake. Lakini katika Kiingereza alama hiyo hufuata mara nyingi maneno ya amri: simama, toka, kimbia. Ombi lenye alama tatu lasimama katika safu moja na amri hizo. Tulidhani tumelia, yamkini tulisikika tunafoka.

Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliwaambia Waingereza wenyewe kwamba wingi wa alama hizi humfunua mwandishi asiyezoea. Na mashine nyingi za zamani za kupiga chapa hazikuwa na kidude chake kabisa. Iko moja katika ofisi ya shule yetu, haitumiki tena: mtu akitaka kustaajabu hana budi kupiga apostrofi, kurudisha gari nyuma, kisha kupiga nukta chini yake. Mshangao mmoja kwa mapigo matatu. Twaona ingefaa wanafunzi wote waandike insha moja juu ya mashine hiyo.

Wala tusiende upande wa pili tukaipiga marufuku. Mwaka 2016 wakuu wa elimu wa Uingereza walitoa agizo kwa mitihani ya watoto wa miaka saba: sentensi ya mshangao itahesabiwa kuwa ya mshangao ikiwa tu imeanza kwa what au how, tena ina kitenzi. Walimu wengi wa kule walinung'unika, nasi twanung'unika pamoja nao, maana mtoto aonaye nyoka hana nafasi ya kutafuta what. Hata hivyo agizo lile lina chembe ya kweli itufaayo: katika Kiingereza maneno yanatangulia kushangaa, alama yafuata kushuhudia. Mfundishe mtoto “What a big snake it was!” naye amepata “kumbe” ya Kiingereza, tena kwa alama moja.

Desturi nayo yageuka. Katika barua fupi zipelekwazo kwa simu za mkononi, Waingereza na Wamarekani wengi huandika asante kwa alama ya mshangao wala hawafoki. Ni adabu tu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, waliwauliza wanafunzi wao, wakatangaza mwaka 2015 kwamba jibu la neno moja lililofungwa kwa nukta katika simu lilionekana kuwa na unyofu pungufu, bali jibu hilo hilo likiandikwa kwa mkono halikuonekana hivyo. Basi simu ina sheria yake na karatasi ina yake. Vijana wetu huandika maombi ya kazi kama waandikavyo simu, na hapo ndipo waangukapo.

Yako makosa mengine tutakayoyapita upesi. Alama ya kuuliza haifuati swali lililosimuliwa: “I want to know where the book is” yaishia kwa nukta, maana mwandishi hapo haulizi, aeleza atakacho. Its na it's ni watu wawili. Asiyejua na aseme “it is” kwa ukamilifu, atakuwa salama siku zote. Ama nukta mbili, hatujaona mtu aliyeharibikiwa nayo sana.

Kwa ajili ya alama ya mshangao tungependa msomaji awezaye kukipata akisome kisa kimoja cha Mrusi Chekhov, cha mwaka 1885, kiitwacho kwa jina la alama hiyo hiyo. Karani mmoja wa serikali, Perekladin, aambiwa na kijana kwamba atia vituo kama mashine, pasipo kufahamu. Usiku hapati usingizi. Apitia alama zote kichwani: mkato anaujua, nukta-mkato anaijua, ya kuuliza anaijua. Ajiuliza ameitumia lini ile ya mshangao, akuta kwamba katika miaka 40 ya kuandika hakuitia hata mara moja. Mkewe, aliyesoma, amwambia ni ya furaha, na ghadhabu, na mengine ya moyo. Naye katika makaratasi ya serikali hakuona furaha wala ghadhabu yo yote. Asubuhi aenda kwa mkubwa wake kutia jina katika kitabu cha wageni, na baada ya jina lake aweka alama tatu za mshangao, na moyo wake wajaa yale yote aliyokosa. Wengi hucheka. Sisi tulisoma mara mbili, maana tuliziona zile tatu zetu. Perekladin alijiandikia mwenyewe, katika kitabu ambacho haombi kitu ndani yake, nayo ilikuwa haki yake. Zile za kwetu pia tulijiandikia wenyewe, ili tuone jinsi tulivyo na huruma. Ila tuliziandika katika barua ya mama.

Barua ya pili tuliiandika asubuhi, baada ya kumsomea mama kila sentensi kwa Kiswahili na kumwuliza kama ndivyo. Ilisema: “I have five children. Three of them are working. The two who have no fees are at home.” Akasema, “Ndivyo, mwalimu. Lakini mbona fupi?” Tukamwambia yatosha. Chini yake tukaomba msaada kwa sentensi moja na nukta.

Msaada ulikuja, ingawa si upesi. Binti na mdogo wake walirudi chuoni mwaka uliofuata, wakakaa na watu wa nyuma yao, wenzao wakiwa wamekwisha tangulia. Ile barua ya kwanza tumeihifadhi ndani ya kamusi. Karani wa ng'ambo aliipiga mstari wa kalamu chini ya sentensi yenye mikato miwili, kutoka mwanzo hata mwisho. Alama tatu za mshangao hakuzigusa.